Afya: Mtoto akiogopa mashine ya picha, wimbo unaweza kumtuliza kabla ya dawa ya usingizi

Mtoto wa miaka mitatu haelewi kwa nini asitikisike. Anaingizwa katika chumba cha baridi, analazwa juu ya kitanda chembamba, watu asiowajua wanamzunguka, na mbele yake iko mashine kubwa kuliko gari. Analia. Akilia anatikisika, akitikisika picha inatoka na ukungu, na picha yenye ukungu haimwonyeshi mganga kitu. Kazi inaanza upya, ama inaahirishwa, ama mtoto anapewa dawa ya usingizi ili mashine imalize kazi yake.

Kuna njia nyingine ambayo hospitali kadhaa za Marekani na Canada zimeijaribu kwa zaidi ya miaka 20 sasa, na matokeo yake yamechapishwa katika majarida ya kitabibu. Mtaalamu wa tiba ya muziki anaingia na gitaa, au mama anaimba wimbo ambao mtoto anaujua, au mtoto anavalishwa kaske ya masikioni yenye muziki aliouchagua mwenyewe. Mara nyingi inatosha.

Kwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo habari hii inaweza kuonekana ya mbali, ya nchi zenye pesa na mashine nyingi. Lakini kuna kipimo kimoja, cha lazima kwa watoto wenye ugonjwa wa SS, ambacho hudanganya mtoto akilia, na hudanganya pia akilala. Kwa kipimo hicho dawa ya usingizi haina msaada wowote. Na watoto wa SS ni wengi nchini.

Kelele ya IRM inatoka wapi?

Mashine inayotisha kuliko zote ni ile ya IRM. Haitumii miale kama radiografia. Inatumia sumaku yenye nguvu pamoja na mawimbi ya redio. Sumaku ya mashine za kawaida hospitalini ina nguvu ya tesla 1.5, yaani karibu mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia inayoielekeza dira. Ndani ya sumaku hiyo kuna nyaya zilizosokotwa ambazo umeme hupita na kukatwa haraka sana, mara nyingi kwa sekunde moja. Kila umeme unapopita, nyaya husukumwa na kutetemeka, na mtetemo huo ndio mlio ambao mgonjwa anausikia: kugonga, kukereza, kupiga kama nyundo juu ya bati.

Sauti hiyo hupita desibeli 100. Anayesimama kando ya kinu cha kusaga mihogo soko lote likiwa limenyamaza anaweza kukisia hali ilivyo. Ndiyo sababu kila anayeingia, mkubwa au mdogo, huzibwa masikio. Tena kazi haiishi upesi: kipimo kimoja cha IRM huchukua dakika 20 hadi saa nzima, na kwa muda wote huo mtoto anatakiwa kukaa kama jiwe.

Hapo muziki unakuta kizuizi cha kwanza. Simu haiingii katika chumba cha IRM, wala redio, wala kaske ya kawaida, kwa kuwa sumaku haizimwi, hata usiku, na huvuta kila chuma kinachokaribia. Kaske za IRM hutengenezwa bila chuma: sauti hutoka katika chumba cha pili na kusafiri ndani ya mirija ya plastiki yenye hewa hadi masikioni. Ubora wake ni mdogo, unafanana na redio ya zamani, na mashine inapogonga muziki humezwa nusu. Hata hivyo mtoto anapata kitu cha kufuata, na kati ya mgongo mmoja na mwingine anasikia kwamba wimbo wake bado upo.

Mashine nyingine zina matatizo yao. Skana, yaani ile inayozunguka mwili kwa miale ya X, inamaliza kazi kwa sekunde au dakika chache, lakini kurudia picha kwa sababu mtoto alitikisika ni kumwongezea miale, na kwa mzazi anayelipa kutoka mfukoni ni kumwongezea gharama. Ekografia haina miale wala kelele. Shida yake ni mikono: mtu asiyemjua mtoto anampaka mafuta ya baridi kifuani na kumkandamiza kwa kifaa, katika chumba cha giza kidogo, na kwa ekografia ya moyo jambo hilo linaweza kuendelea kwa nusu saa au zaidi.

Usingizi wa dawa una gharama yake

Kulaza mtoto kwa dawa si kosa. Kuna hali ambazo haziepukiki: ajali ya kichwa, mtoto mdogo mno, IRM ndefu, mtoto mwenye maumivu makali. Lakini hakuna mganga anayeichukulia dawa hiyo kama kitu chepesi.

Kwanza mtoto hukaa njaa. Kanuni ya kawaida ni saa 6 bila chakula kigumu na saa 4 bila maziwa ya mama, kusudi asitapike na kujiziba njia ya hewa akiwa hana fahamu. Pili, dawa hizo zinaweza kupunguza kupumua, kwa hiyo panahitajika oksijeni, kifaa cha kupima kiasi chake katika damu, na mtu mwenye ujuzi wa anestezia anayemwangalia mtoto kutoka mwanzo hadi anapoamka. Baada ya hapo kuna masaa ya kusubiri, mtoto akiwa mzito, mkali, na mwenye njaa.

Mnamo Desemba 2016, idara ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa, FDA, ilitoa onyo kwamba kutumia dawa za anestezia mara nyingi, au kwa zaidi ya saa 3, kwa watoto wa chini ya miaka 3 kunaweza kuathiri ukuaji wa ubongo. Idara hiyo ilieleza pia kwamba dozi moja ya muda mfupi haielekei kuleta madhara, na mzazi ambaye mtoto wake aliwahi kulazwa mara moja hana sababu ya kukosa usingizi yeye mwenyewe. Hata hivyo onyo hilo liliongeza hamu ya hospitali nyingi kutafuta njia za kupunguza dawa.

Katika nchi ambayo waganga wa anestezia ni wachache na wengi wao wako katika miji mikubwa, hesabu inabadilika tena. Mtoto ambaye hawezi kutulia, na hakuna wa kumlaza kwa usalama, mara nyingine anarudi nyumbani bila kipimo.

Gitaa katika chumba cha ekografia

Mfano unaotajwa sana ni wa Tallahassee, mji mkuu wa jimbo la Florida. Hospitali ya Tallahassee Memorial inashirikiana na Chuo Kikuu cha Florida State, ambako tiba ya muziki inafundishwa kama taaluma kamili. Mwaka 2005, mtafiti Darcy Walworth alichapisha matokeo ya watoto waliofanyiwa vipimo hospitalini humo wakiwa pamoja na mtaalamu wa muziki badala ya kupewa dawa ya usingizi. Watoto 92 walifanyiwa ekografia ya moyo: wote, asilimia 100, walimaliza bila dawa. Waliopita katika skana walikuwa 57, na asilimia 80.7 walimaliza bila dawa. Kwa vipimo vingine, watoto 17, ilikuwa asilimia 94.1.

Tofauti kati ya ekografia na skana ina maana yake. Katika chumba cha ekografia mwenye gitaa anaweza kukaa karibu na kichwa cha mtoto, akamtazama machoni, akabadilisha wimbo papo hapo akiona midomo imeanza kutetemeka. Katika skana, mashine inapofanya kazi watu hutoka nje kwa sababu ya miale, na mtoto anabaki peke yake kwa dakika zile zile ambazo angehitaji mtu. Muziki unaotoka ndani ya spika hauwezi kumwona mtoto.

Utafiti huo uliangalia pia pesa, na hapo ndipo wakurugenzi wa hospitali huinua kichwa. Watoto wasiolazwa kwa dawa walichukua muda mfupi zaidi na walihitaji wauguzi wachache zaidi kando yao. Mshahara wa mtu mmoja mwenye gitaa ulionekana kuwa mdogo kuliko gharama ya dawa, vifaa na saa za wauguzi.

Mwaka huo huo wa 2005, huko New York, kundi la Joanne Loewy katika hospitali ya Beth Israel lilitoa matokeo yake kuhusu kipimo cha mawimbi ya ubongo, EEG, ambacho mara nyingi kinataka mtoto awe usingizini. Watoto 60 wa mwezi 1 hadi miaka 5 walishiriki. Kundi moja lilipewa chloral hydrate, dawa ya maji iliyozoeleka wakati huo. Kundi la pili liliimbiwa na kupigiwa muziki ana kwa ana. Katika kundi la muziki asilimia 97.1 walifaulu kupimwa bila kuhitaji dawa. Katika kundi la dawa ilitosha kwa asilimia 50 tu.

Wasomaji wa Congo watavutiwa na jina la kituo ambacho Loewy anakiongoza: kinaitwa kwa jina la Louis Armstrong, yule mpiga tarumbeta Mmarekani aliyetibiwa katika hospitali hiyo, na ambaye mfuko wake wa misaada uligharimia kuanzishwa kwa huduma ya tiba ya muziki mwaka 1994. Ni Armstrong yule yule aliyefika Léopoldville mwishoni mwa Oktoba 1960, miezi minne baada ya uhuru, akabebwa na watu juu ya kiti kama mfalme, na baadaye akapiga muziki Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Wazee wengine bado wanakumbuka.

Pamoja na hayo, takwimu hizi zisomwe kwa utulivu. Idadi ya watoto ni ndogo, na wataalamu wa tiba ya muziki ndio mara nyingi wanaopima kazi yao wenyewe. Utafiti wa Canada wa mwaka 2013 unatoa picha yenye tahadhari zaidi. Lisa Hartling na wenzake, katika hospitali ya watoto ya Stollery mjini Edmonton, waligawanya kwa kura watoto 42 wa miaka 3 hadi 11 waliokuwa wanawekewa sindano ya mshipa, nusu wakisikiliza muziki na nusu bila. Kwa jumla ya alama za fadhaa, tofauti kati ya makundi haikuwa kubwa kiasi cha kuwa hakika. Lakini maumivu waliyoyaeleza watoto wenyewe yalipanda katika kundi lisilo na muziki na kubaki pale pale katika kundi la muziki. Wauguzi nao walisema kazi ilikuwa rahisi sana katika asilimia 76 ya watoto waliosikiliza muziki, dhidi ya asilimia 38 ya wengine. Sindano si mashine ya picha, ingawa kwa IRM na skana nyingi sindano hiyo ndiyo mlango wa kuingilia, kwa sababu ndimo inamopita dawa ya kung'arisha picha.

Watoto wa SS: wasilie, wala wasilale

Congo ni kati ya nchi zinazobeba mzigo mkubwa zaidi duniani wa ugonjwa wa selimundu, ule ambao nchini wengi huuita SS. Uchunguzi wa watoto wachanga 31,204 mjini Kinshasa, uliochapishwa mwaka 2009 na kundi la mganga Léon Tshilolo, ulikuta asilimia 1.4 wamezaliwa na ugonjwa wenyewe, na asilimia 16.9 wana chembe yake bila kuugua. Ni kusema, kati ya watoto 1,000, karibu 14 ni SS.

Wazazi wengi wanajua maumivu ya mifupa, upungufu wa damu, kulazwa hospitalini mara kwa mara. Kiharusi hawakifikirii, kwa kuwa wamezoea kukihesabu kama ugonjwa wa wazee. Lakini pasipo kinga, karibu mtoto 1 kati ya 10 wenye SS hupata kiharusi kabla ya kufika miaka 20. Mtoto anaamka mkono mmoja hauinuki, au mdomo umekwenda upande, na shule inakuwa ngumu kuanzia siku hiyo.

Hatari hiyo inaweza kuonekana mapema. Kifaa cha ekografia ya Doppler huwekwa juu ya panja, mbele ya sikio, na kupima kasi ya damu katika mishipa mikubwa ya ubongo. Mshipa ukianza kuwa mwembamba damu hukimbia zaidi, jinsi maji yanavyokimbia pale mtu anapobana mdomo wa bomba. Kasi ikifika sentimita 200 kwa sekunde, mtoto yuko hatarini. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1998 ulichukua watoto 130 wa aina hiyo: katika kundi lililotibiwa kama kawaida 11 walipata kiharusi, na katika kundi lililoongezewa damu mara kwa mara ni mmoja. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Kwa nchi ambako damu safi haipatikani kwa urahisi, matumaini yameelekezwa kwa kidonge cha hydroxyurea, ambacho kilijaribiwa kwa watoto wa Kinshasa, Angola, Kenya na Uganda, matokeo yakatoka mwaka 2019.

Kwa mtoto wa SS, kipimo hicho cha Doppler kinatakiwa kurudiwa kila mwaka, kuanzia miaka 2 hadi 16. Na hapa ndipo woga wa mtoto unapogeuka kuwa suala la uhai. Mtoto anayelia huhema haraka, anatoa hewa chafu nyingi, mishipa ya ubongo inabana na kasi ya damu inaweza kushuka. Mashine inasoma namba ndogo, karatasi inaandikwa kwamba hali ni nzuri, naye ni mtoto aliye hatarini. Mtoto aliyelala, kwa dawa au bila dawa, anapumua polepole, hewa chafu inajikusanya mwilini na kasi inapanda, hivyo mtoto mzima anaweza kuandikwa mgonjwa. Kwa hiyo kanuni ni moja: awe macho, awe ametulia, kwa nusu saa hivi, huku mtu akimkandamiza kifaa kwenye panja kushoto na kulia.

Kwa kazi ya namna hii duka la dawa halina cha kuuza. Hospitali nyingi humwekea mtoto filamu ya katuni. Muziki unafaa vilevile, na unafaa zaidi pale ambapo kioo hakipo au umeme umekatika na kifaa kinaendeshwa kwa betri. Jambo moja tu: usiwe wimbo wa kumlaza.

Sebene hapana

Hilo la mwisho ndilo kosa ambalo mtu anaweza kulifanya kwa urahisi, kudhani muziki wowote wa polepole unafaa kila chumba. Kila kipimo kinataka hali yake. EEG mara nyingi inataka usingizi, kwa hiyo bembelezi yenye mapigo ya taratibu, inayorudia maneno yale yale, ndiyo yenyewe. Doppler ya ubongo inataka macho wazi: wimbo ambao mtoto anaujua na anaweza kuufuata kichwani, au hadithi yenye kiitikio anachokisubiri. IRM inataka mwili usitikisike, na hapo mwenye kuchagua anatakiwa kuwa mwangalifu katika nchi ya rumba, ambayo UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia mnamo Desemba 2021. Sehemu ya kwanza ya wimbo, ile tulivu, sawa. Gitaa zikiingia katika sebene, hakuna mtoto wa Congo atakayebaki bila kusogeza mguu.

Wataalamu wa tiba ya muziki wana kanuni nyingine inayofanana na hekima ya kila mama anayembeba mtoto mgongoni. Mtoto anayelia kwa nguvu haanziwi na wimbo wa chini chini, kwa sababu hausikii. Anaanziwa pale alipo, kwa sauti yenye nguvu na mapigo ya haraka, halafu mwimbaji anapunguza kidogo kidogo hadi pumzi ya mtoto imfuate. Ndiyo maana muziki wa ana kwa ana unashinda ule wa simu: simu haijui lini ipunguze.

Na sauti ya nani? Kundi la Loewy lilitoa utafiti mwingine mwaka 2013, uliofanywa katika hospitali 11 za Marekani kwa watoto 272 waliozaliwa kabla ya wakati. Wazazi waliombwa wachague wimbo wenye maana katika familia yao, wowote ule, halafu wakaonyeshwa namna ya kuuimba kama bembelezi. Nyimbo hizo za nyumbani ziliwasaidia watoto kunyonya vizuri zaidi, na wazazi wenyewe walipungukiwa na wasiwasi. Jambo la wasiwasi wa mzazi si dogo. Mtoto aliye mikononi mwa mama anayetetemeka hawezi kuamini kwamba mahali hapo ni salama, hata kama kaske ni ya bei kali.

Kuna hospitali zilizokwenda mbali zaidi, zikaigeuza kelele yenyewe kuwa sehemu ya mchezo. Doug Dietz, mbunifu wa mashine za picha katika kampuni ya General Electric, ameeleza hadharani jinsi alivyomwona msichana mdogo akilia mbele ya mashine aliyoibuni yeye mwenyewe na kujivunia. Kutokana na hapo vilitengenezwa vyumba vilivyochorwa kama merikebu au chombo cha anga, kikiwemo cha hospitali ya watoto ya Pittsburgh. Mtoto anaambiwa mapema asikilize kwa makini mlio utakapobadilika, kwa sababu hapo ndipo chombo kinaongeza mwendo. Mashine ni ile ile na kelele ni ile ile, lakini sasa mtoto anaisubiri.

Cha kuanza nacho

Muziki si mgeni katika hospitali za Congo. Katika hospitali ya Panzi, mjini Bukavu, iliyoanzishwa na mganga Denis Mukwege mwaka 1999, wanawake waliotendewa ukatili wa kingono wametunga na kurekodi nyimbo zao studioni pamoja na mshauri wa kisaikolojia na mtayarishaji wa muziki, katika mpango uitwao Healing in Harmony wa shirika la Canada la Make Music Matter. Hayo ni majeraha ya aina nyingine, na wagonjwa ni watu wazima. Lakini mpango huo umeonyesha kwamba mganga na mwanamuziki wanaweza kufanya kazi chini ya paa moja bila mmoja kumdharau mwingine.

Mashine za IRM nchini bado ni chache na ziko mbali na wengi. Ekografia iko karibu zaidi, hata katika hospitali nyingi za mikoani, na ndipo pa kuanzia, kwa kuwa ndiko muziki umefanya kazi vizuri zaidi na ndiko hauhitaji kifaa cha pekee. Katika chumba cha ekografia simu ya mama inaweza kubaki karibu na kichwa cha mtoto, sauti ikiwa ya chini kama ya watu wanaozungumza. Mama anaweza kukaa karibu na kuimba kwa Kiswahili, Kinande, Mashi au Kihavu, kwa lugha ambayo mtoto aliizoea akiwa mgongoni. Kwa skana, simu inaachwa mbali na sehemu inayopigwa picha, na kaske haivaliwi ikiwa kinachopimwa ni kichwa, kwa kuwa chuma chake huharibu picha. Kwa IRM, simu inabaki nje kabisa, hata iliyozimwa, na nyimbo hupelekwa mapema kwa mwendesha mashine ili azipitishe katika kaske zao.

Wauguzi wa radiolojia wanaweza kufanya mengine kabla hata ya mtoto kulala juu ya kitanda. Kumwacha aguse kifaa cha ekografia na kukiweka juu ya tumbo la mama. Kumgongea mezani mlio wa mashine, ta-ta-ta-ta, kama ngoma, na kumwomba arudishe. Kumwuliza anapenda wimbo gani, kisha kumsubiri ajibu, maana mtoto aliyechagua kitu kimoja katika chumba hicho ameacha kuwa mzigo unaosukumwa.

Mzazi naye ana swali la kuuliza siku anapopewa karatasi ya kipimo: je, mtoto wangu atahitaji dawa ya usingizi, au tunaweza kujaribu kwanza bila hiyo, mimi nikiwa karibu? Mganga anaweza kujibu hapana, na atakuwa na sababu zake. Katika hali ya dharura hakuna muda wa kubembeleza. Kwa mtoto wa SS anayekwenda kupimwa Doppler ya ubongo, swali ni jingine. Mtoto akianza kulia katikati ya kipimo, mzazi ana haki ya kuomba wasimame, anyamazishwe, na mishipa ipimwe tena pumzi yake ikisharudi kawaida, kabla namba yoyote haijaandikwa katika karatasi yake.